UZI: Utando wa fangasi, au kwa nini dawa inaua kwenye sahani ya maabara halafu inashindwa mwilini, tangini na kwenye bomba

#1 Mpimaji_wa_Zamu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Ninafanya kazi maabara ya hospitali, upande wa vijidudu, na kuna jambo linalonisumbua kiasi kwamba nimeona niliweke hapa kwa kirefu. Nitaanza na wagonjwa, lakini wenye jenereta, wakulima na mafundi msiondoke, linawahusu vilevile.

Mgonjwa yuko chumba cha mahututi, homa haishuki. Tunaotesha damu, inaota Candida, aina ya fangasi. Tunapima dawa za fangasi, ile ya flukonazoli inaua vizuri, tunaandika kwenye majibu kwamba dawa inafaa. Anapewa. Siku kadhaa baadaye tunaotesha tena damu yake, Candida ingalipo. Ndugu wanaanza kusikia kwamba dawa ni feki au fangasi amekuwa sugu. Mara nyingi si hivyo. Dawa ni nzima na fangasi ni yuleyule. Tatizo ni kwamba maabara tunapima seli zinazoelea moja moja kwenye maji, wakati mgonjwa ana mrija kwenye mshipa mkubwa wa shingoni, na fangasi wameugandia mrija huo na kujijengea utando. Kipimo chetu cha kawaida hakiuoni utando. Ndiyo maana majibu yanaweza kuwa sahihi na mgonjwa bado akafa.

Tuone unavyojengwa. Namchukua Candida albicans kwa kuwa ndiye aliyechunguzwa zaidi. Anaishi mdomoni, tumboni na sehemu za siri za watu wengi wenye afya bila shida yoyote. Akikutana na plastiki au silikoni iliyoingizwa mwilini, seli zake za mviringo zinaishika ndani ya saa chache tu. Kisha zinarefuka na kutoa nyuzi, nyuzi zinapishana, seli nyingine zinajaa katikati, na zote zinatoa ute mzito wa sukari, protini na vipande vya DNA unaofunika kundi zima. Kati ya siku moja na tatu utando umekomaa. Uliopimwa maabara umekutwa na unene wa kuanzia mikroni 25 hadi 450, yaani ule mnene kabisa unakaribia nusu milimita. Baada ya hapo seli za juu zinabanduka na kuondoka na damu kutafuta pengine pa kushika: jicho, figo, vali ya moyo.

Mwaka 1994, pale Chuo Kikuu cha Glasgow, watafiti Hawser na Douglas waliotesha Candida juu ya vipande vya katheta. Mwaka uliofuata wakaonyesha kwamba fangasi walio kwenye utando walihimili dawa mara 30 hadi 2,000 kuliko wale wanaoelea. Rudieni hiyo namba. Hakuna binadamu anayeweza kupewa dozi mara 2,000, mwili wake utaharibika kabla ya fangasi.

Sababu si moja. Ute wa nje una beta-glukani, aina ya sukari inayoikamata flukonazoli kabla haijaifikia seli. Seli zenyewe zinawasha mapema sana pampu za kutupa dawa nje, hata ute haujawa mzito. Ergosteroli, aina ya mafuta kwenye utando wa nje wa seli ya fangasi, ambayo ndiyo shabaha ya dawa nyingi za fangasi, inapungua kwenye seli za utando uliokomaa. Na wapo wachache waliolala humo ndani, hawakui wala hawagawanyiki, hivyo dawa inayovuruga ukuaji haiwapati. Dozi ikiisha, hao ndio wanaoamka na kuanza upya.

Hoja yangu ni hii: fangasi aliyekwisha kujenga utando hashindwi kwa dawa peke yake. Kile alichokishikilia lazima kiguswe. Mrija utolewe, maji ya tangini yamwagwe, meno ya bandia yasuguliwe. Dawa inakuja kumalizia kazi. Tunapoteza wagonjwa na fedha kwa sababu tunaanza na dawa na kuishia na dawa.

Zipo dawa zinazofanya vizuri zaidi kwenye utando. Kundi la ekinokandini, yaani kaspofungini, mikafungini na anidulafungini, linazuia utengenezaji wa ileile beta-glukani. Amfoterisini B iliyofungwa kwenye chembe za mafuta nayo inapenya vizuri kuliko flukonazoli. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliiingiza mikafungini kwenye orodha ya dawa muhimu. Kuwa kwenye orodha na kuwa kwenye stoo ya hospitali ya mkoa ni mambo mawili, na hili nalisema kwa uchungu.

Sasa yupo ndugu wa Candida albicans, anaitwa Candida auris. Alielezwa mara ya kwanza mwaka 2009 kutoka kwenye sikio la mgonjwa Tokyo. Leo yuko kila bara lenye watu. Anakaa kwenye ngozi, anakaa kwenye vitanda na vifaa kwa wiki kadhaa, na wengi wa jamii yake hawasikii flukonazoli hata wakiwa wanaelea. Msidhani ni wa mbali. Hospitali moja ya Nairobi ilipopitia maambukizi ya Candida kwenye damu kuanzia 2010 hadi 2016, auris peke yake alikuwa asilimia 38. Oktoba 2022 WHO ilipotoa orodha yake ya kwanza ya fangasi hatari, 19 kwa jumla, kundi la juu kabisa lilikuwa na wanne: Cryptococcus neoformans, Candida auris, Aspergillus fumigatus na Candida albicans.

Kuna kisa cha Oxford ambacho kila mwenye kazi ya wodini angekijua. Chumba cha mahututi cha wagonjwa wa ubongo kilikuwa na wagonjwa 70 waliopatikana na auris kati ya 2015 na 2017. Walisafisha sakafu, wakapaka dawa kuta, wagonjwa wapya wakaendelea kutokea. Chanzo kikubwa kikaja kuonekana kwenye vipimajoto vya kwapani vinavyotumika tena na tena, vinavyotoka kwapa la huyu kwenda la yule. Vilipoondolewa, maambukizi yakashuka. Ripoti ilichapishwa 2018. Kwenye hewa na sakafu hawakumpata auris kwa wingi, ila kwenye vile vipimajoto alikuwepo.

Nitaendelea na mafuta, mabomba na mashamba. Mwenye swali aliweke.

#2 Nesi_Mchanganyiko

Mpimaji, Mungu akubariki kwa hili. Naomba kuuliza mawili. Kwanza, unasema mrija utolewe, lakini kuna mgonjwa mshipa umetafutwa kwa shida na ndio unaompitishia kila kitu. Daktari anasita, na mimi namwelewa. Pili, wagonjwa wenye mpira wa mkojo. Karibu kila mmoja akikaa na mpira muda mrefu, majibu ya mkojo yanarudi na Candida, na tunaanzisha flukonazoli. Ni sawa?

#3 Mpimaji_wa_Zamu

Dada Nesi, la kwanza ni uamuzi mgumu wa daktari na siwezi kumwamulia mtu kitandani nikiwa hapa. Ila miongozo ya kimataifa iko wazi: Candida ikishathibitika kwenye damu na mrija wa mshipa mkubwa ukashukiwa kuwa chanzo, utolewe mapema iwezekanavyo, mwingine uwekwe mahali pengine. Na damu iendelee kuoteshwa mpaka ionekane safi, kisha dawa ihesabiwe wiki mbili kuanzia siku damu iliposafika, siyo siku dozi ilipoanza, na hiyo ni kama fangasi hajahamia jichoni au kwenye moyo. Hapo ndipo nyaraka nyingi ninazoziona zinakosea hesabu.

La mkojo, hapana. Mgonjwa mwenye mpira, hana homa, hana maumivu, Candida kwenye mkojo wake mara nyingi ni utando ulioshika kwenye mpira tu. Cha kufanya ni kuutoa mpira kama hauhitajiki tena. Kwa wengi hilo peke yake linatosha. Wanaohitaji dawa hata bila dalili ni wachache: ambao chembe nyeupe za damu zimeshuka sana, watoto wachanga wenye uzito mdogo mno, na anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Kumpa kila mtu flukonazoli huku mpira umebaki ndani ni kumfundisha fangasi kuizoea dawa.

#4 FundiDizeli_Tabata

Mzee, mimi si mtu wa hospitali ila umenigusa. Natengeneza jenereta za kusubiria umeme, zile za benki na hoteli. Inakaa miezi bila kuwashwa, siku umeme ukikatika inawaka dakika chache inazima. Ukifungua filta unakuta uchafu mweusi unaovutika kama mlenda. Wenye mali wanasema tumeuziwa dizeli chafu. Nabadilisha filta, baada ya muda mfupi wananipigia simu tena. Ni hao hao fangasi?

#5 Mpimaji_wa_Zamu

Kaka Fundi, kwa unavyoeleza, kuna uwezekano mkubwa kwamba ndio wenyewe, wakiwa wamechanganyika na bakteria. Anayejulikana sana anaitwa Amorphotheca resinae, vitabu vya zamani vinamwita Hormoconis resinae. Watu wa ndege wanamjua kama fangasi wa mafuta ya taa, kwa sababu mafuta ya ndege ni ndugu wa karibu wa mafuta ya taa.

Anakula minyororo ya kaboni ya kwenye mafuta, ila hawezi kustawi kwenye mafuta makavu. Lazima apate maji, hata kidogo. Na maji hayakosekani: tangi likiwa nusu tupu, hewa yenye unyevu inaingia, usiku ukuta unapoa, matone yanashuka na kulala chini kwa kuwa maji ni mazito kuliko dizeli. Utando unakaa hapo mpakani, chini maji, juu mafuta. Anakunywa huku, anakula kule. Tindikali anazotoa zinakula chuma na alumini ya tangi, na vipande vinavyobanduka ndivyo unavyovikuta kwenye filta. Ndiyo maana ukibadilisha filta peke yake unaitwa tena. Nyumba yake hujaigusa.

Fungua koki ya chini ya tangi utoe maji, na iwe kazi ya ratiba, si ya siku mashine imegoma. Tangi lililokwisha kuvamiwa lifunguliwe, lisuguliwe, mafuta yachujwe, ndipo dawa ya kuua vijidudu vya mafuta iwekwe. Ukiweka dawa kwanza, utando uliokufa unabanduka kwa mkupuo na kuziba kila kitu. Na kama mafuta yana mchanganyiko wa dizeli ya mimea, ongeza uangalifu, maana hiyo inavuta maji zaidi.

Dawa yenyewe ipimwe kwa umakini. Tarehe 26 Februari 2020 ndege aina ya Airbus A321 iliondoka Gatwick, Uingereza, ikihamishwa tu kwenda Stansted. Matangi yake yalikuwa yametiwa dawa ya kuua fangasi. Muda mfupi baada ya kuruka injini moja ikaanza kukohoa kwa mishindo, na ya pili nayo ikaonyesha hitilafu. Marubani waliirudisha salama. Wachunguzi walikuta dawa ilikuwa imewekwa kwa kiwango cha mara 38 ya kinachotakiwa, kosa la hesabu ya sehemu kwa milioni. Mwezi uliofuata dawa hiyo, Kathon, iliondolewa kwenye matumizi ya ndege na waliokuwa wakiiuza. Kwa hiyo Kaka Fundi, usikadirie kwa macho. Andika lita za tangi, andika kiwango cha kwenye chupa, mwombe mwenzako arudie hesabu.

#6 FundiDizeli_Tabata

Nimekusoma. Kuna matangi sijawahi kuyafungua koki ya chini tangu yamefungwa, na mengine hayana koki kabisa, fundi wa kwanza hakuiweka. Kesho naanza na la hoteli.

#7 Mwanakibosho

Sisi wakulima wa kahawa umetuahidi mashamba, tunasubiri. Kahawa tunapiga dawa za fangasi kila msimu kwa ajili ya kutu ya majani na chulebuni, ule ugonjwa wa matunda ya kahawa. Hizi zinaingiaje kwenye habari za hospitali?

#8 Mpimaji_wa_Zamu

Mwanakibosho, hapa ni nyumbani kwako hasa. Baadhi ya dawa za mashambani ziko kundi moja na dawa za hospitali, kundi la azoli, ambamo flukonazoli nayo imo. Zinapigwa kuua kutu ya majani, lakini udongoni na kwenye matawi yanayooza yupo fangasi anayeitwa Aspergillus fumigatus, ambaye shamba halimjali kwa kuwa hashambulii mmea. Naye anaoga dawa hiyohiyo mwaka baada ya mwaka. Wanaobaki ni wale wenye mabadiliko ya kijeni yanayoishinda dawa, na mbegu zake zinapeperuka hewani tunakozivuta sote.

Uholanzi waligundua kwamba wagonjwa ambao hawajawahi kumeza azoli maishani walikuwa na Aspergillus aliye sugu kwa azoli, na alama za kijeni zikaelekeza kwenye mazingira. Mwaka 2014 ikachapishwa kwamba alama za aina hiyohiyo zimepatikana Tanzania, kwenye sampuli za mazingira za Kilimanjaro, vikiwemo vipande vya miti ya kahawa. Sisemi muache kupiga dawa, kahawa ingekufa. Ninachosema ni kwamba wizara mbili, ya kilimo na ya afya, zinasajili dawa za ukoo mmoja, na wanaofanya usajili huo wangekaa meza moja kabla ya kuruhusu molekuli mpya. Ninyi mnaweza kubadilisha makundi ya dawa badala ya kupiga azoli mfululizo, na kutumia za shaba pale zinapotosha. Bwana shamba anajua zipi ni za kundi gani, muulize kundi, siyo jina la chupa.

#9 Kijana_wa_Gulu

Naomba niongezee hapo kwenye Aspergillus, nasoma udaktari kaskazini mwa Uganda na jambo hili liko kwetu hasa.

Mtu anaugua TB ya mapafu, anameza dawa, anapona. TB imeondoka lakini imeacha mashimo kwenye pafu. Mbegu za Aspergillus alizovuta zinatua humo na kuota. Nyuzi zinajikusanya ndani ya ute wao wenyewe mpaka linakuwa donge linaloonekana kwenye picha ya kifua. Ute wa Aspergillus una sukari yake maalumu inayomsaidia kushika na kujificha na kinga ya mwili. Mgonjwa anakonda, anachoka, anakohoa, mwisho anakohoa damu. Akienda zahanati, kila mtu anafikiri TB imerudi. Anaanzishwa dozi nyingine ya TB, ambayo haimfanyi lolote fangasi.

Utafiti uliofanyika hapa Gulu, uliochapishwa 2019, uliwafuatilia watu waliokwisha kutibiwa TB ya mapafu. Kati ya waliobaki na mashimo, karibu asilimia 26 walikuwa na ugonjwa sugu wa Aspergillus. Wasio na mashimo hawakufika asilimia 1. Mimi nikisoma namba hizo nawaza ni wangapi wanazunguka na kadi ya TB mara ya pili, ya tatu.

#10 Binti_Muheza

Kijana, umenishtua. Baba yangu mdogo alimaliza dawa za TB kitambo, sasa anakohoa makohozi yenye michirizi ya damu, makohozi yamepimwa hayana TB, ila wameanza kumpa dawa za TB tena. Tufanye nini?

#11 Kijana_wa_Gulu

Pole sana dada. Kwanza, msizikatishe dawa wenyewe, mrudisheni kwa daktari. Pili, ombeni apimwe makohozi kwa mashine ya GeneXpert kama hajapimwa, na apigwe picha ya kifua mpya, na ile ya zamani mwende nayo. Waambieni wazi: tunaomba muangalie kama kuna shimo na donge la fangasi. Kuna kipimo cha damu cha kinga dhidi ya Aspergillus, hospitali kubwa zinaweza kukifanya au kukituma. Ikithibitika, wengi wanatumia itrakonazoli kwa miezi sita au zaidi, na donge moja lililojitenga kwa mtu mwenye mapafu mengine mazuri linaweza kukatwa. Akianza kukohoa damu ya kujaa kikombe, hiyo ni dharura, asingoje kesho.

#12 Mpimaji_wa_Zamu

Kijana, asante, umelieleza vizuri. Binti Muheza, naongeza neno moja: itrakonazoli haipatani na rifampisini ya dozi ya TB. Rifampisini inaishusha kabisa kwenye damu. Kwa hiyo daktari lazima aamue ni ugonjwa upi, haziendi pamoja kwa kubahatisha.

#13 Mwalimu_Bayo

Uzi mzuri. Lakini naona fangasi amesimamishwa kizimbani tu. Nafundisha sekondari na wanafunzi wataondoka wakidhani utando wote ni maradhi. Faida hamna?

#14 Mpimaji_wa_Zamu

Mwalimu, zipo, tena kubwa. Ukisoma kwenye chupa ya soda au jemu utaona asidi ya sitriki. Zamani ilikamuliwa kutoka malimau ya Italia. Mwaka 1917 mwanakemia James Currie alichapisha kazi ikionyesha Aspergillus niger anaweza kuitengeneza akilishwa sukari, na 1919 kampuni ya Pfizer ikaanza kuizalisha hivyo Brooklyn. Njia ya mwanzo ilikuwa trei pana zenye maji ya sukari, juu yake zulia la fangasi linaloelea. Hilo zulia ni utando. Baadaye wakahamia matangi ya kukoroga, lakini hata leo wapo watafiti wanaowaotesha fangasi hawa juu ya vitu vigumu kwa makusudi, kwa sababu wakishika mahali wanatoa vimeng'enya vingi.

Fangasi wanaoozesha magogo, kama Phanerochaete chrysosporium, wana vimeng'enya vya kuvunja lignini, kile kinachoupa mti ugumu. Vimeng'enya hivyohivyo vinavunja rangi za viwanda vya nguo. Wanaoteshwa juu ya sahani zinazozunguka nusu ndani ya maji machafu nusu hewani, maji yanapita, rangi inapungua. Kwenye mawe nako yupo kuvu anayeshirikiana na mwani, ndio yale mabaka ya kijivu na njano kwenye miamba, na ni miongoni mwa viumbe wa kwanza kuanza kuligeuza jiwe kuwa udongo. Sifa ileile inakuwa msiba jiwe likiwa sanamu: fangasi weusi wameshika marumaru za kale Ugiriki na wanazichimba taratibu.

Wafundishe wanafunzi kwamba tabia ni moja, kushika na kukaa pamoja. Mahali aliposhika ndipo panapoamua kama tunamshukuru au tunamkimbia.

#15 Mamake_Salha

Samahani nauliza ya nyumbani. Mama yangu ana meno ya bandia ya juu, kaakaa lake ni jekundu na linawaka. Amepakwa dawa ya fangasi mara nyingi, inapona inarudi. Jirani amemwambia asukutue mafuta ya nazi. Na pia nasikia mashine za kuoshea vyombo zina fangasi, ni kweli au ni maneno ya mtandaoni?

#16 Mpimaji_wa_Zamu

Mama Salha, shikamoo yangu mfikishie bibi. Candida wameshika kwenye plastiki ya meno, upande unaogusa kaakaa. Dawa inaponya kaakaa, meno yanarudishwa mdomoni na utando wake, kaakaa linaambukizwa upya. Ayavue kila usiku, bila kukosa. Yasuguliwe kwa brashi na sabuni pande zote mbili, yalowekwe kwenye dawa ya kusafishia meno ya bandia, yasuuzwe kabla ya kuvaliwa. Kama ni ya zamani na yana mikwaruzo au yanacheza, daktari wa meno ayarekebishe, maana mikwaruzo ndiyo maficho yake. Apimwe na sukari pia. Mafuta ya nazi yana asidi za lauriki na kapriki ambazo maabara zinaua Candida, na akitaka asukutue, lakini hayachukui nafasi ya brashi.

Habari ya mashine za kuoshea vyombo ni kweli. Mwaka 2011 ulichapishwa utafiti wa mashine 189 kutoka miji 101 ya nchi 18. Asilimia 62 zilikuwa na fangasi kwenye mpira wa mlangoni, na zaidi ya nusu ya hizo walikuwemo hamira weusi wa jamii ya Exophiala, wanaovumilia joto, chumvi na sabuni kali. Mwenye afya hadhuriki kirahisi. Futa ule mpira, ukauke, mlango uachwe wazi kidogo.

Wanaovaa lensi za macho nao wasikilize. Kati ya 2005 na 2006 watu wengi walipata vidonda vya jicho vya Fusarium, Marekani peke yake visa 164 vilivyothibitishwa, na maji ya kuhifadhia lensi aina moja, ReNu yenye MoistureLoc, yakaondolewa sokoni duniani kote Mei 2006. Fusarium akijenga utando kwenye lensi, maji ya kuhifadhia hayammalizi. Kuisugua lensi kwa kidole wakati wa kuosha kunasaidia zaidi kuliko kuiloweka tu, na maji ya jana yamwagwe, yasiongezewe mapya juu yake.

#17 Nesi_Mchanganyiko

Nimerudi. Nimesoma habari ya Oxford mara mbili. Vipimajoto vyetu vya kwapani tunavifuta kwa pamba yenye spiriti, haraka haraka, kisha mgonjwa mwingine. Klorini ipo, tuichanganye vipi, na je, ile dawa ya sakafu yenye harufu nzuri inatosha kwenye vitanda?

#18 Mpimaji_wa_Zamu

Dada Nesi, ile ya harufu nzuri soma nyuma ya dumu. Kama imeandikwa amonia ya kwatenari peke yake, usiitegemee kwa auris. Klorini inafaa, na haidrojeni peroksaidi inafaa.

Kwa vitanda, reli, meza na stendi za dripu mnatafuta klorini ya asilimia 0.1. Kama yenu ni ya asilimia 3.5, chukueni kipimo kimoja cha dawa na vipimo 34 vya maji. Ichanganywe siku hiyohiyo, ya jana imekwisha kupungua nguvu. Kwanza osheni kwa maji na sabuni huku mkisugua, kwa sababu uchafu na ute vinaimaliza klorini kabla haijafika kwa fangasi, ndipo mpake klorini na muiache muda ulioandikwa kwenye chombo ikiwa bado imelowa. Mkiipangusa papo hapo mmefanya kazi ya bure.

Kwa vipimajoto, cha kwanza kuomba ni kila mgonjwa wa mahututi awe na chake mpaka atoke. Ni vifaa vya bei ndogo, na uongozi ukikataa ombeni mkataliwe kwa maandishi. Vile vya waya vya kuunganisha kwenye mashine visitoke kwa mgonjwa kwenda kwa mwingine bila kusafishwa kwa utaratibu wa aliyevitengeneza, kwa sababu baadhi vinaharibika na klorini. Mikono endeleeni na spiriti ya mikono, hiyo inamwua. Na mkiwa na mgonjwa aliyetoka hospitali nyingine baada ya kulazwa muda mrefu, chukueni sampuli ya kwapa na kinena kwa pamba moja, andikeni kwenye fomu kwamba mnamtafuta auris. Msipoandika, mpimaji anaweza kuishia kwenye "Candida" bila kutaja ni yupi, na baadhi ya vifaa vya zamani vya utambuzi vinamwita auris kwa jina la Candida haemulonii. Mkipata jibu lenye jina hilo, pigeni simu maabara waitume sampuli kwenye maabara ya rufaa siku hiyohiyo.